Maji ya Katikati

Watu wa kijiji cha Aldemar husema kwamba Baukje Terpstra alizaliwa mwenyekiti. Si kweli. Alizaliwa binti wa mfugaji, katika nyumba iliyoinama kidogo upande mmoja kama mtu anayetega sikio, na uenyekiti ulimjia baadaye, polepole, jinsi ukungu unavyoingia kwenye malisho: huuoni ukifika, ila unashtuka huoni tena kitu kingine.

Alianza na klabu ya kijiji ya kuteleza kwenye barafu. Klabu ilikuwa na wanachama wengi, kibanda cha supu, na bendera. Ilichokosa ni barafu, kwa kuwa majira ya baridi yalikuwa yameacha kuwa baridi. Kila mwaka Baukje aliitisha mkutano wa kujadili iwapo maji yataganda. Kila mwaka mkutano uliafikiana kusubiri. Na majani yalipochipua tena bila mtu kuvaa viatu vya kutelezea, wanachama walimpigia makofi kwa jinsi alivyolishughulikia suala hilo kwa busara.

Kutoka kwenye barafu isiyokuwapo alipanda hadi halmashauri, kutoka halmashauri hadi Baraza la Mkoa, na kutoka huko hadi Bunge la taifa kule The Hague, alikokaa vipindi viwili katika safu ya nyuma, mahali pazuri pa kutazamia migongo ya watu. Hakuwa msemaji mkali. Kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Aliinamisha kichwa, akakunja mikono mapajani, akasema "ee" na "naam" mahali panapostahili, na kila aliyeinuka mbele yake aliondoka akiamini kwamba wameelewana. Mwenye nguruwe aliondoka hivyo. Jirani aliyekerwa na harufu ya nguruwe aliondoka hivyo pia, na wakipishana mlangoni walitabasamu, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Ng'ombe walibaki kwa kaka yake mkubwa, Harmen. Kila Jumamosi asubuhi, hata alipokuwa mbunge, Baukje alipanda baiskeli hadi kwa Harmen, akavua viatu mlangoni, akaketi jikoni.

"Mheshimiwa amefika," Harmen angesema bila kuinua macho kwenye gazeti. "Geeske, ficha siagi. Serikali imeingia."

"Nifiche siagi na mkate kaleta yeye?" mkewe angejibu. "Kaa, wifi. Achana naye huyo. Tangu alfajiri anagombana na mvua."

"Nani kashinda?"

"Mvua," Harmen angesema. "Ina viti vingi."

Hapo jikoni palikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuna aliyemtaka asikilize. Aliweza kukatiza maneno ya watu, kubisha, hata kupiga miayo. Alipapenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, kiti cha Bunge kikiwemo.

Katika kipindi chake cha pili Bungeni, Baukje alitoa hoja. Ilihusu udongo wa mboji, ule mweusi laini ambao nusu ya mkoa wake wa kuzaliwa imekaa juu yake kama mtu aliyeketi juu ya keki. Ili ng'ombe wasizame na trekta zipite, wafugaji huyavuta maji ya mitaro chini kwa pampu. Mboji ikikauka hunywea, ardhi hushuka, na moshi usioonekana, ule unaoipasha dunia joto, hupanda angani. Kwa hiyo maji yapandishwe, alisema Baukje, na mikoa itafute namna. Alisema kwa sauti ya upole, saa ya chakula cha mchana. Hoja ikapita kwa kura nyingi, kwa kuwa haikumtaja mtu wala mahali wala siku. Wenzake walimpongeza. Harmen naye aliisoma gazetini, akasema tu, "Umependeza kwenye picha."

Uchaguzi uliofuata, chama kilipoteza nusu ya viti, na jina la Baukje lilikuwa katika nusu ya chini ya orodha ya wagombea, ile iliyokosa viti. Alirudi nyumbani na sanduku lenye kikombe na mmea. Lakini nchi ile haiwaachi watu wanaosikiliza wakae bure. Mwezi haukwisha kabla mkoa haujamwita awe mmoja wa wale watano wanaouendesha, na kwa kuwa wengine walikuwa wamekwisha kuchukua barabara, fedha, shule na utamaduni, yeye akapewa kilichobaki: ardhi na maji.

Asubuhi ya kwanza aliingia ofisini kwake Lourens, afisa wa maji, mtu mrefu mwenye adabu aliyezoea kupiga magoti ya moyo mbele ya kila bosi mpya.

"Kuna agizo kutoka serikali kuu, mama," alisema. "Maji kwenye malisho ya mboji yapandishwe. Wanataka tuanze mwaka huu."

"Nani kaamua jambo kubwa hivyo?"

Lourens akatazama dirisha kwa heshima. "Sisi hapa tunaiita Hoja ya Terpstra, mama."

Baukje akanywa kahawa yake. "Na tunaanzia wapi?"

"Bonde la Aldemar. Ndilo linalozama haraka kuliko yote."

Akamweleza, naye akasikiliza, safari hii kwa kutopenda. Bonde lina maji mawili tu yanayofaa, yaani vimo viwili vya maji mitaroni. Yakiwa juu kabisa, ardhi itaacha kuzama, na nguzo za mbao zilizo chini ya nyumba za kijiji zitakaa ndani ya maji, ambamo mbao haziozi. Ila malisho yatakuwa matete, na mfugaji itabidi alipwe aondoke. Yakiwa chini kama sasa, ng'ombe watakaa, na nguzo zitaendelea kuonja hewa na kuoza, na nyumba zitapasuka moja baada ya nyingine. Ya Bi Tjitske, mjane wa mwalimu, ilikuwa imekwisha kupasuka. Mwanya wa ukuta wake ulipitisha kidole, na majira ya upepo ulipitisha wimbo.

"Hakuna katikati?" aliuliza Baukje.

"Ipo, mama. Inaharibu pande zote mbili. Kiangazi nguzo zinabaki nje, na majani yakichipua ng'ombe wanazama."

"Lakini ipo," alisema Baukje.

Jumamosi ile Harmen hakutaja siagi.

"Nasikia unaleta maji," alisema.

"Hakuna kilichoamuliwa, kaka. Kutakuwa na mkutano. Kila mtu atasikilizwa."

"Mimi sitaki kusikilizwa. Nataka kujua kama utanizamisha."

Baukje akapaka siagi kwenye mkate wake. "Hilo ni swali la msingi kabisa," akasema.

Geeske akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha. Harmen hakucheka. Alikunja gazeti, akaenda bandani, na kwa dirisha Baukje alimwona amesimama katikati ya ng'ombe wake bila kazi yoyote, mkono juu ya mgongo wa mmoja wao, kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa.

Njiani kurudi, upepo ukimpiga kifuani, alijua vyema mambo yalivyosimama. Akipandisha maji, jiko lile limefungwa, na Jumamosi zake zimefungwa nalo. Asipopandisha, Bi Tjitske atakosa nyumba, na yeye mwenyewe atayameza maneno yake mbele ya nchi nzima. Mtu mwingine angechagua. Baukje, ambaye maisha yake yote yalikuwa ni ushahidi kwamba hakuna haja ya kuchagua, aliagiza ukumbi.

Ukumbi wa Aldemar ulijaa. Kahawa ilipita, kila kikombe na biskuti yake moja, kisha kopo la biskuti likafunikwa. Upande wa kushoto walikaa wafugaji, upande wa kulia wenye nyumba, na Lourens akakaa pembeni na ramani zake, ambazo aliziinua, akazieleza, akaziteremsha. Alisema wazi kuhusu maji mawili. Alisema wazi hata kuhusu yale ya katikati. Watu walitikisa vichwa kukubali, kisha wakazungumza kama vile hakuwa amesema.

"Mimi simchukii mtu," alisema Bi Tjitske, amesimama na mkoba wake mikononi. "Ila nikilala naona nyota, na sijatoka nje."

"Tunakuonea huruma, bibi," alisema mfugaji mmoja. "Lakini na sisi ng'ombe hawaogelei."

"Hakuna aliyesema waogelee."

"Basi na wewe usitake tufuge samaki."

Kicheko kikapita, chepesi, cha watu waliosoma darasa moja na watakaozikwa makaburi mamoja. Kilipokwisha, Baukje alihisi lile jambo likija, kama alivyokuwa amelihisi mara mia katika mikutano ya barafu. Lilitoka safu ya tatu, kwa mzee mmoja ambaye hakuwa na ng'ombe wala ufa.

"Kwa nini tusikutane katikati?" alisema.

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Ilikuwa kana kwamba mtu amefungua dirisha. Wafugaji wakatazama wenye nyumba, wenye nyumba wakatazama wafugaji, na pande zote mbili zikaona kwamba mwenzao yu tayari kupoteza kitu, jambo ambalo katika bonde lile huhesabiwa kuwa sawa na ushindi. Kukataa katikati ni kama kukataa kusalimiwa. Mikono ikapanda. Wa Bi Tjitske ukapanda. Wa Harmen ukachelewa kidogo, kisha nao ukapanda, macho yake yakimwangalia dada yake usoni.

Lourens naye alikuwa akimwangalia. Alikuwa na sentensi moja tu mdomoni, hilo lilionekana, na alisubiri apewe ruhusa ya kuitoa.

"Nashukuru," alisema Baukje. "Nadhani tumeelewana."

Gazeti la mkoa liliandika kwamba Aldemar imeonyesha njia. Waziri alituma salamu. Wajumbe kutoka bonde jingine walikuja kwa basi kujifunza, wakasimama kwenye tuta, wakaambiwa haya ni maji ya katikati, wakayapiga picha. Na Jumamosi Baukje aliketi jikoni, Harmen akamwambia Geeske afiche siagi, na Baukje akafikiri kwamba huenda Lourens alikuwa amekosea.

Lourens hakuwa amekosea. Kiangazi kilikuwa kikavu, na ukuta wa Bi Tjitske ukafunguka mpaka jirani akaweza kumwamkia kupitia humo. Alihamishiwa chumba kimoja mjini, orofa ya nne, ambako alilalamika kwamba kimya kinamnyima usingizi. Kisha mvua zikaja, zikakaa, na majani yalipochipua ng'ombe wa Harmen walitoka bandani, walikofungiwa baridi yote, kwa furaha yao ya kila mwaka, wakirusha miguu ya nyuma, wakaingia kwenye malisho na kuzama hadi magotini. Mmoja alivunjika mguu. Trekta lililokwenda kumtoa lilikaa huko, limeinamisha pua, mpaka lingine likaja kulitoa hilo.

Baukje alimkuta kaka yake kwenye banda la kukamulia, akisafisha mipira ya mashine.

"Ulijua," alisema Harmen.

Baukje alikuwa amejiandaa kujitetea. Alikuwa na maneno tayari: mchakato, wadau, maridhiano. Yalikuja mpaka kooni, akayaona yalivyo: matupu.

"Nilijua," alisema. "Lourens aliniambia siku ya kwanza kazini. Na ninyi aliwaambia pale ukumbini. Wewe hukujua?"

Harmen akaendelea kusafisha.

"Kaka, nakuuliza. Umekanyaga tope hili tangu hujajua kusema. Hukujua?"

"Nilijua."

"Na mkono ukainua."

"Ningefanyaje? Tjitske amesimama pale na mkoba wake. Watu wote wameinua. Nibaki peke yangu kama kigingi?" Akauweka mpira chini. "Mimi ni mfugaji, Baukje. Kazi yangu ni ng'ombe. Kazi ya kusema hapana tulikupa wewe. Tumekulipia miaka yote hiyo. Ukatuletea kahawa."

Hakupaza sauti. Ng'ombe mmoja alikohoa. Baukje alitaka kumkumbatia, akakumbuka kwamba kwao hawakumbatiani isipokuwa msibani, akabaki amesimama.

"Nisikie sasa," alisema. "Nitayapandisha. Yote. Kutakuwa na fidia, utalipwa vizuri, lakini hapa hutafuga tena."

"Unanipa taarifa, au unaniuliza maoni?"

"Nakupa taarifa."

Harmen alimtazama, na usoni mwake, chini ya hasira, palikuwa na kitu kingine ambacho Baukje hakukitambua mara moja, kwa sababu katika kazi yake hakuwahi kukiona kikielekezwa kwake. Ilikuwa ni mshangao wa mtu aliyejibiwa.

"Toka bandani kwangu," alisema Harmen.

Akatoka. Geeske alikuwa kizingitini na ndoo. "Wifi, hata chai?" alisema, lakini kwa sauti ndogo, na hakusogea kumpisha.

Mkutano wa pili Aldemar haukuwa na kahawa. Baukje alisimama, akasema maji yatapanda hadi juu, akaeleza kwa nini, akasema alipaswa kusema hivyo mwaka uliotangulia na kwamba lawama za nyumba ya Bi Tjitske ni zake. Hakuna aliyezomea. Watu walimtazama kama mtu aliyevua nguo kanisani: si kwa chuki, kwa aibu ya kumhurumia. Yule mzee wa safu ya tatu aliinua mkono.

"Labda tuunde kamati," alisema.

"Hapana," alisema Baukje.

Wenzake wanne mkoani walimwita. Hawakupinga uamuzi, kila mmoja aliuafiki faraghani, akiwa amefunga mlango. Kilichowasumbua ni namna. Alikuwa ameamua mbele za watu. Mwenye barabara alisema watu wamepoteza imani. Mwenye fedha alisema haoni kosa lake hata moja, na ndiyo maana ni vigumu kumtetea. Mwenye utamaduni alipendekeza apumzike. Wakapiga kura kuhusu maji, yakapita. Kisha wakangoja, kwa upole mkubwa, mpaka yeye mwenyewe akaelewa kwamba anaondoka.

Alipewa maua. Hotuba ya kumuaga ilidumu kuliko mkutano wowote aliouongoza. Alisifiwa kama mwanamke aliyejua kuwaleta watu pamoja, na mfano uliotolewa, kwa hisia, ulikuwa mkutano wa kwanza wa Aldemar. Baukje alisikiliza. Alisema "naam" mahali panapostahili. Lourens alisimama nyuma karibu na koti lake, na alipopeana naye mkono aliushikilia kidogo kupita kawaida, akasema, "Maji yamefika alama ya juu leo asubuhi, mama," na hiyo ndiyo hotuba aliyokwenda nayo nyumbani.

Jumamosi zake alizipitisha peke yake. Alijifunza kwamba Jumamosi ni ndefu. Aliosha madirisha, akapanda baiskeli upande usio na malisho, akasoma magazeti hadi matangazo ya vifo. Harmen hakupiga simu, naye hakupiga.

Kisha mama yao akatimiza mwaka mwingine, na kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mama hakuna namna ya kutokwenda.

Viti vilikuwa vimepangwa duara kuzunguka sebule ya mama, migongo ukutani, na kila anayeingia huzunguka duara zima akipeana mkono na kila aliyeketi, kumpongeza kwa sababu mama, au shangazi, au jirani, ametimiza miaka. Hakuna anayerukwa. Watu waliogombana kwa ajili ya mirathi hupongezana hapo, huku wakitazama ukuta. Baukje alifika mapema, akakaa, na kiti cha kushoto kwake hakuna aliyekitaka, kwa kuwa wote walijua ugomvi wake na kaka yake.

Harmen aliingia na Geeske. Alikuwa amevaa suruali ya sikukuu, na bila ovaroli alionekana mdogo, kama mti uliokatwa matawi. Akambusu mama. Akaanza kuzunguka. Alipofika mbele ya Baukje alisimama kidogo tu, kiasi ambacho mgeni asingekiona.

"Hongera kwa mama," alisema.

"Hongera nawe, kaka."

Mkono wake ulikuwa umelainika. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuuzwa. Duara lilikuwa limejaa, Geeske alikuwa ameshapata kiti cha mbali, kwa haraka isiyo ya kawaida yake, na kilichobaki kilikuwa kile. Harmen akaketi. Wote wawili walitazama mbele. Keki ikapita.

"Bata," alisema Harmen. "Wamejaa kule malishoni. Hata wa aina nisiyoijua."

"Wakubwa?"

"Wengine. Kuna mmoja ana kelele kama wewe ulipokuwa mdogo."

Baukje akala keki yake polepole, kwa kuogopa kwamba ikiisha itabidi aseme jambo.

"Sijakusamehe," alisema Harmen.

"Sijakuomba."

"Nakwambia tu, usije ukadhani." Akageuza kijiko mkononi. "Watu wa chama cha wafugaji walikuja. Wanataka nigombee Baraza la Mkoa. Wanasema nimeonewa, na mtu aliyeonewa anapata kura."

"Umewajibu nini?"

"Nimesema nitafikiri." Akakohoa. "Nikasema naona hoja za pande zote."

Baukje alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bandani walitazamana. Masikio ya kaka yake yalikuwa mekundu.

"Usicheke," alisema Harmen.

"Sicheki."

"Yalitoka yenyewe. Wamekaa pale jikoni, watatu, wamekuja na keki. Ningefanyaje?"

"Unataka kwenda au hutaki?"

"Ndiyo na hapana."

"Harmen."

Upande wa pili wa duara mama alikuwa akiuliza kwa sauti kubwa kama wale wawili wamepatana au bado, na Geeske alikuwa akimwambia anywe kahawa yake. Harmen aliangalia mikono yake isiyo na kazi.

"Nataka," alisema. "Nikikaa nyumbani mwaka mwingine nitakuwa nawakamua bata."

"Basi waambie hivyo. Kesho, kabla hawajavua makoti."

"Na wakiniuliza kuhusu maji? Wao wanataka yashushwe."

"Wewe unataka nini?"

Harmen alikuwa mtu aliyetembea juu ya ardhi ile maisha yake yote na kuiona ikishuka chini ya miguu yake, kila mwaka kidogo, mpaka mlango wa banda ukahitaji ngazi.

"Yabaki juu," alisema mwishowe, kwa hasira, kama mtu anayerudisha kitu alichoiba. "Lakini nikisema hivyo hawatanichagua."

"Pengine hawatakuchagua," alisema Baukje, akakisogeza kiti chake, mguu mmoja wa kiti ukikwaruza sakafu, ili asikie vizuri. "Hebu niambie mimi kwanza. Utawaambiaje?"